Naweza kufika kwenye pikipiki kwa kubadilishana vitu, nikianzia na kitochi?

"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 24, naishi Njoro, Moshi. Nimesikia habari ya kijana wa Kanada aliyeanza na kibanio cha karatasi, akabadilishana na watu mpaka akapata nyumba. Nikaona nami nijaribu, lengo langu ni pikipiki ya bodaboda. Nilianza na kitochi changu cha akiba, kile kisimu kidogo cha batani, nikabadilishana na spika ya bluetooth. Kufika nyumbani, spika ikalia dakika kumi ikazima, haishiki chaji. Rafiki zangu wananicheka, wanasema watu wa huku hawabadilishani siku hizi, kila mtu anataka hela. Wakati huohuo kuna jamaa yuko Arusha, tumekutana kwenye kundi la WhatsApp, anasema atanipa simu janja kwa hiyo spika ila nitume kwanza elfu kumi na tano ya kusafirisha. Niendelee au niache? Na nikiendelea, nifanyeje nisipigwe tena?"

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na la haraka: hiyo elfu kumi na tano usiitume. Mwenye simu janja nzima hana sababu ya kuitoa kwa spika ambayo hajaishika mkononi, isipokuwa simu haipo, au ipo na ni ya wizi. Namba yake itume kwa ujumbe kwenda 15040, ambako TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hupokea namba za matapeli. Na kuna swali linalokuhusu wewe pia: huyo jamaa ulimwambia kwamba spika haishiki chaji? Kama hukumwambia, ulikuwa unajiandaa kumfanyia mwenzio lilelile lililokuuma. Kubadilishana hakudumu hivyo, hasa Moshi, mji ambao ukimuudhi mtu Pasua, kesho unakutana na shemeji yake Majengo.

Sasa hofu yako yenyewe. Unaogopa mambo mawili: kwamba zama za kubadilishana zimepita, na kwamba wewe huna jicho la biashara. La kwanza si kweli. La pili linarekebishika, kwa sababu kilichokuponza ni utaratibu.

Wanaosema watu hawabadilishani wamewasahau akina mama na vijana wa mali kwa mali wanaopita mitaani na mabeseni kichwani. Unatoa magauni matatu ya zamani, unabaki na beseni. Wamesahau pia maduka ya simu, unakopeleka simu yako ya zamani na kuongezea hela ili uchukue nyingine. Na huku mlimani jambo hili lina mizizi mirefu: Wapare wa Ugweno walikuwa wakiyeyusha chuma na kukipeleka kwa Wachagga, nao wakirudi na mifugo. Kilichobadilika ni kwamba hela imekuwa kipimo cha kila kitu, kwa hiyo ukimwambia mtu "tubadilishane", kichwani mwake anapiga hesabu ya shilingi. Nawe lazima uipige.

Mtazame vizuri huyo wa mali kwa mali, maana yeye ndiye mwalimu wako kuliko yule wa Kanada. Gauni lililokaa kwenye sanduku lako miaka miwili kwako halina thamani, linakula nafasi tu. Analichukua, analifua, analishona kifungo, analipiga pasi, analipeleka gulioni kwa mtu anayelihitaji. Beseni lake kalinunua kwa bei ya jumla. Wewe umefurahi, yeye kapata, na hakuna aliyeibiwa. Faida yake imetoka kwenye kazi ya mikono, miguu yake, ujuzi wa nguo gani inatafutwa wapi, na subira. Hivyo vinne ndivyo chanzo cha faida katika kubadilishana, na hakuna cha tano isipokuwa umaarufu, nao ndio uliombeba kijana wa Kanada.

Anaitwa Kyle MacDonald, alikuwa akiishi Montreal. Alianza Julai 2005 na kibanio chekundu, akapata kalamu yenye umbo la samaki, kisha kitasa cha mlango, kisha jiko la kambini, kisha jenereta. Baada ya mwaka mmoja na mabadilishano 14 alipata nyumba katika mji mdogo wa Kipling, jimbo la Saskatchewan. Watu husimulia mwanzo na mwisho, wakaruka katikati ambako ndiko kwenye somo. Karibu na mwisho alikuwa na nafasi ya kukaa mchana mmoja na mwanamuziki Alice Cooper, akaitoa kwa tufe la kioo la aina ile inayonyunyiza theluji ndani, la bendi ya KISS. Wengi waliona amejiharibia. Lakini alikuwa anamjua mwigizaji Corbin Bernsen, ambaye hukusanya matufe hayo kwa maelfu, naye akampa nafasi ya kuigiza kwenye filamu. Mji wa Kipling ukaitaka hiyo nafasi kwa sababu ulitaka kujulikana, ukatoa nyumba.

Kwenye tufe alitumia ujuzi, maana alijua nani analitaka kabla hajalichukua. Hilo waweza kuliiga. Kwenye nyumba alitumia umaarufu, kwa kuwa wakati huo dunia ilikuwa inamfuatilia na kila aliyebadilishana naye alipata kutangazwa bure. Hilo huna, na usilijengee mpango.

Tuje kwenye hesabu, na naomba uchukue daftari. Kitochi chako kilichotumika tukichukulie ni 15,000. Mtu makini, anayekarabati na kuchagua, anaweza kuongeza thamani kwa takriban asilimia 40 kila anapobadilisha. Nakupa kipimo hicho kama mfano wa kufanyia mpango. Basi 15,000 inakuwa 21,000, kisha 29,000, 41,000, 58,000, 81,000, 113,000, na mara ya saba umefika 158,000. Ukiendelea hivyo hadi mara ya 14, uko kwenye 1,667,000, yaani eneo la pikipiki iliyotumika. Kwa hiyo haliwezekani tu kwenye hadithi. Lakini angalia mambo mawili ndani ya hesabu hiyo. Ukipigwa mara moja ukapoteza nusu, unahitaji mabadilishano mawili mazuri kurudi ulipokuwa, hivyo kosa moja linakula hatua tatu. Na hatua ya kwanza faida yake ni 6,000 tu. Ukipanda daladala mara nne na kununua bando la kumpigia mtu, imekwisha. Ndiyo maana hatua tatu za mwanzo zifanyike kwa miguu, mtaani kwako, na safari za Arusha, kilometa kama 80, zisubiri mpaka faida ya hatua moja ivuke 30,000.

Thamani unayoandika iwe ile ambayo ungepewa taslimu ndani ya wiki moja, siyo bei ya dukani wala bei aliyoitaja mwenye kitu. Ipate hivi: waulize wauza vitu vya mkononi watatu watakinunua kwa ngapi, kisha shika jibu la katikati. Andika pia gharama za ukarabati, nauli na siku ulizotumia. Watu wengi huamini wamepanda ngazi kumbe wamezunguka palepale, kwa sababu hawakuandika nauli.

Spika yako sasa, ambayo huenda haijafa. Spika nyingi ndogo za bei rahisi hutumia betri ya BL-5C, ileile ya vitochi vya Nokia, yenye volti 3.7. Tafuta kifuniko kidogo nyuma au chini. Kikifunguka kwa kidole na ukaona hiyo betri, toa ya kwenye kitochi cha jirani, jaribu. Ikilia saa nzima, umepata ugonjwa, na dawa yake ni betri mpya. Isipokuwa na kifuniko, ndani huenda kuna betri ya duara ya 18650, nayo ni volti 3.7 vilevile, lakini imeunganishwa kwa waya. Hiyo mpelekee fundi simu. Usiichomelee mwenyewe kwa risasi moja kwa moja, kwa sababu joto huiharibu na linaweza kuilipua. Fundi atatumia betri yenye vibati vya kuunganishia vilivyokwisha wekwa. Ukikuta betri imevimba, usiitoboe wala kuichaji. Na kabla ya kulipia betri, mwambie fundi apime tundu la chaji, maana tundu lililolegea hutoa dalili zilezile na kulirekebisha ni kazi ya dakika chache. Gharama yote ikizidi theluthi ya thamani ya spika nzima, mpe fundi huyohuyo kama vipuri, akupe kitu kingine cha dukani kwake. Hayo nayo ni mabadilishano.

Utaratibu uliokuponza ni wa kujaribu kitu. Cha umeme kisikilizwe dakika thelathini, siyo mbili, na kichomolewe chaji wakati wa kujaribu, kwa kuwa betri mbovu hujificha kitu kikiwa kwenye umeme. Simu yoyote unayopewa, bonyeza *#06#, zile namba 15 zitume kwa ujumbe kwenda 15090, na jibu likutajie aina ileile unayoishika. Isipofanana, rudisha. Na simu unayoitoa, toa laini yako na kadi ya kumbukumbu, futa kila kitu, kisha andikiana na anayeipokea, ili ikitumika vibaya baadaye uwe na ushahidi kwamba ilishatoka mikononi mwako.

Kutafuta mtu wa kubadilishana naye kuna namna ya kuuliza. Ukisema "nani anataka spika?" utajibiwa "shilingi ngapi?" Uliza badala yake, "una kitu gani kimekaa tu ndani hukitumii?" Kinyozi ana mashine ya kunyolea aliyoibadilisha mwaka jana. Mama wa genge ana mzani wa zamani. Nyuma ya nyumba nyingi za Moshi kuna baiskeli imelala tangu mtoto alipokwenda chuo. Vitu vilivyokaa ndivyo vinavyotolewa kwa moyo mwepesi.

Baiskeli, kwa maoni yangu, ni ngazi nzuri kuliko zote kwa mtu wa hali yako, kwa sababu faida yake iko kwenye mikono. Kagua fremu kwanza: pitisha kitambaa kikavu kwenye shingo na chini ya kiti. Kikinasa, huenda kuna ufa. Fremu iliyochomelewa usiichukue hata kwa bure. Cheni yenye kutu, breki zilizoisha, tairi zilizopasuka, yote hayo yasikutishe, ndiyo yatakayokushushia thamani yake wakati wa kuipokea. Fungua hubu, osha gololi kwa mafuta ya taa, weka grisi mpya, na kama kikombe cha gololi kina vishimo kibadilishe, la sivyo itasaga tena ndani ya mwezi. Kaza spoku kidogokidogo pande zote mbili mpaka rimu iache kuyumba. Ukikaza upande mmoja tu utaipinda zaidi. Kisha ipeleke tambarare, Mabogini au Kahe, kwenye njia za bapa, siyo Kibosho kwenye mlima. Baiskeli ileile ina thamani mbili tofauti kulingana na mwinuko.

Kuku na mbuzi nao ni ngazi, na wana sifa ya pekee ya kukua wakati umelala. Tetea akiatamia anaangua baada ya siku 21. Ila vifaranga wa kienyeji wanahitaji miezi mitano au sita kufika sokoni, na ugonjwa wa mdondo unaweza kumaliza banda zima ndani ya wiki. Kuku mgeni mtenge wiki mbili. Chanjo ya mdondo ya matone ya jicho hurudiwa kila miezi mitatu, chupa moja inatosha kuku wengi hivyo changeni na majirani, na haimponyi aliyekwisha ugua. Kama unaishi chumba cha kupanga Njoro, mifugo wakae kwa ndugu kijijini kwa makubaliano yanayoeleweka ya mgawo. Mbuzi akivuka wilaya anahitaji kibali cha kusafirisha mifugo, na afisa mifugo wa kata ndiye wa kumwona kabla hujampakia, siyo baada ya kusimamishwa njiani.

Majira ya Kilimanjaro yanakusaidia ukiyajua. Desemba, wakati ndugu wanapanda nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko kwa ajili ya Krismasi, mbuzi na kuku hupanda thamani: hapo toa mnyama upokee kifaa. Januari, watu wanapotafuta sare, madaftari na ada, vifaa vya nyumbani hutoka kwa urahisi. Hapo kuwa mwangalifu usimkamue mtu aliyebanwa. Mpe kinachomfaa kweli, na kama anahitaji hela kuliko kuku wako, mwache auze kwa anayeweza kumpa hela.

Kuna ofa mbili utakazokutana nazo zaidi ukiwa Arusha kuliko Moshi. Moja ni jiwe la tanzanaiti kutoka mfukoni mwa mtu. Usilipokee hata likiwa halisi. Biashara ya madini inataka leseni na inafanyika kwenye masoko ya madini yaliyowekwa, na jiwe lisilo na karatasi ni kesi. Nyingine ni kitu kizuri kwa thamani ndogo mno kikiambatana na haraka: "chukua sasa hivi, nasafiri." Mali ya wizi haigeuki kuwa yako kwa sababu ulitoa kitu halali. Mwenyewe akijitokeza anaichukua, umepoteza vyote viwili, na unaweza kushtakiwa kwa kuipokea. Kitu chochote cha zaidi ya 50,000 andikeni karatasi: tarehe, majina, namba za NIDA, namba za simu, maelezo ya vitu vyote viwili pamoja na namba za utambulisho, kasoro zilizotajwa, siku tatu za majaribio, sahihi na shahidi mmoja. Anayekataa kuandika amekwisha kukujibu. Mkutanie mahali penye watu, mchana. Na usifanye haya na mtoto aliye chini ya miaka 18. Mkataba wake hausimami, na mzazi ana haki ya kuja kudai.

Sasa niseme wazi kuhusu lengo lako. Ningekushauri ubadilishane mpaka ufike kitu cha 250,000 hadi 300,000, kisha uache kubadilishana tupu. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda, wenye vitu vya kiwango hicho visivyotumika hupungua, na wengi wao wanahitaji taslimu. Unaweza kukaa na kitu cha 600,000 miezi minne bila kumpata mtu. Katika ngazi za juu ni afadhali kuuza na kununua, au kubadilisha na kuongezea hela. Ukiwa na laki tatu unaweza kuingia VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, vya mtaani kwako na kuweka hisa, ukakopa kwa dhamana ya wenzako, au kuanza na pikipiki ya mkataba, ya mtu mwingine unayoilipia kidogokidogo, huku ukiendelea na baiskeli zako pembeni. Njia hizi zina gharama zake, riba kwa moja na hesabu ya kila siku kwa nyingine, lakini zinakufikisha mapema kuliko kutafuta mtu wa kumi na nne. Ukitaka kubaki kwenye kubadilishana tupu mpaka mwisho, jipe mwaka mmoja na nusu, na usiache kibarua chako.

Ukifika kwenye pikipiki yenyewe, mambo ya kufanya peke yako yanaisha. Nenda na fundi pikipiki unayemlipa wewe, siyo wa mwenye chombo. Aiwashe ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu usiokoma mara nyingi ni ringi zilizoisha, na hapo punguza thamani ya kufungua injini nzima. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, moja moja. Namba iliyokwaruzwa, ondoka.

Hatari kubwa zaidi kwako ni kubadilishana na mtu pikipiki ambayo bado iko kwenye mkataba. Vijana wengi wa bodaboda wanaendesha chombo cha mtu mwingine huku wakilipa kidogokidogo, na hakiwi chao mpaka malipo yaishe. Kuna anayechoka katikati akatafuta wa kubadilishana naye, na kwa nje kila kitu kinaonekana sawa: ana funguo, ana kofia, kijiweni wote wanamjua. Lakini kadi ina jina la mwingine, au iko kwa mkopeshaji. Kwa hiyo mkataba uandikwe kwa wakili, mabadiliko ya umiliki yafanyike TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujakabidhi chako, na anayetia sahihi awe yule mwenye jina kwenye kadi, amekaa mbele yako na kitambulisho chake cha NIDA. Wakikwambia amesafiri, subiri arudi.